Linki, Faili, Status au Flashi: Ipi Inafaa Kumpelekea Mwenzako Video ya Msanii Asiye na Lebo?

Mwezi Julai wa mwaka juzi, baridi ya Mafinga ikiwa imetuingiza ndani tangu saa kumi na mbili jioni, rafiki yangu wa Makambako alinirushia video ya muziki ya dakika tatu na ushee. Vijana wanne waliovaa makoti makubwa ya mtumba walikuwa wakiimba huku wakisukuma mkokoteni katikati ya mashamba ya chai. Juu ya mkokoteni palikuwa na kochi, na juu ya kochi ameketi bibi mmoja akisuka kikapu cha milulu bila kuinua macho hata mara moja. Hapakuwa na gari la kuazima, hapakuwa na bwawa la kuogelea, hapakuwa na noti zinazorushwa hewani. Niliitazama mara nne mfululizo, kisha nikataka kujua ni kazi ya nani. Jina la faili lilianza na VID, likafuatiwa na tarehe, herufi WA na tarakimu nne, basi. Rafiki yangu alikuwa ameipata kwa shemeji yake, shemeji ameitoa kwenye kundi la WhatsApp la watu aliosoma nao, na huko kwenye kundi aliyeileta alikuwa amekwisha kujitoa.

Zilipita wiki tatu kabla sijawapata wenyewe, na niliwapata kwa kubahatisha, kwa kuandika maneno ya kiitikio kwenye sehemu ya kutafutia ya YouTube. Video ilikuwa pale, picha safi, majina ya waimbaji, mpiga picha na mhariri yameandikwa chini yake, na waliokwisha kuitazama hawakufika mia tano. Makundi ninayoyajua mimi peke yangu ambamo faili lile lilikuwa limepita yana watu wengi kuliko hao.

Tangu hapo nimekuwa nikilinganisha njia tunazozitumia sisi wa Nyanda za Juu Kusini kupeana vitu vya namna hii: video za wasanii wanaojitegemea, wasio na lebo wala meneja, pamoja na vile vituko vya mitaani ambavyo mtu akiviona hawezi kuvikalia kimya. Rayvanny, mzaliwa wa Mbeya aliyepata tuzo ya BET mwaka 2017, hahitaji msaada wangu wala wako ili video yake itazamwe, kwa hiyo sizungumzii wasanii wa kimo hicho. Nazungumzia wale ambao mtazamaji mmoja wa Tukuyu au Njombe bado anahesabika kwao. Kwa watu hao napima mambo matatu: anayepokea analipa kiasi gani, kazi inafika ikiwa na picha na sauti ya namna gani, na je, imefika na jina la mwenyewe au imefika yatima. Hilo la tatu ndilo ninalolipa uzito zaidi, na sitauficha upendeleo huo.

Faili la WhatsApp na linki ya YouTube

Ugomvi mkubwa uko hapa. Watu wengi ninaowafahamu Iringa na Mbeya hupenda faili, na wana hoja ya kweli. Video ya dakika nne ikitazamwa YouTube kwa ubora wa 360, kwa kipimo cha simu yangu, hula takriban MB 20, na ukipandisha ubora hadi 720 inaweza kula zaidi ya mara mbili ya hapo. Mwenye linki akiirudia kesho na keshokutwa, kwa kawaida bando linaliwa upya kila mara. Mwenye faili amelipa mara moja tu, tena pengine amelipiwa na Wi-Fi ya ofisini, na anaweza kuitazama akiwa shambani Ludewa au njiani kwenda Makete, ambako mtandao huja na kuondoka kama ukungu. Kwa mtu anayenunua bando la siku moja, kumtumia linki tupu ni sawa na kumwalika harusini halafu ukamwambia aje na chakula chake. Zaidi ya hayo, linki hufa. Mwenye video akiifuta au akiificha, unabaki na kisanduku cheusi kinachokuambia kuwa video haipatikani, ilhali faili liko palepale kwenye memori kadi mpaka ulifute mwenyewe.

Kwa upande wa gharama, basi, faili linashinda bila ubishi, na yeyote anayeshauri kutuma linki bila kulikiri hilo hajawahi kuishiwa bando tarehe 24 ya mwezi.

Hata hivyo faili la WhatsApp lina kasoro mbili ambazo hazionekani haraka. Ya kwanza ni ubanaji. Programu ile huipunguza video uzito kabla ya kuisafirisha, na video iliyowekwa Status, ikapakuliwa, ikatumwa upya hubanwa tena, hata mwisho wake nyuso za watu huwa kama zimetazamwa kupitia kioo cha bafuni. Tangu mwaka 2023 kuna uchaguzi wa kutuma kwa ubora wa juu zaidi, lakini mtumaji lazima akumbuke kuubonyeza, na wengi hawakumbuki. Anayetuma hotuba ya harusi hapotezi kitu. Anayetuma singeli, muziki ambao mapigo yake huzidi 200 kwa dakika, anapoteza karibu kila kitu kilicho juu ya besi, kwa sababu vinanda vile vyembamba vinavyokimbizana hugeuka mchakacho. Lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa mwaka 2017 mkusanyiko wa singeli kutoka studio ya Sisso ya Dar es Salaam, wageni wa Ulaya waliukuta muziki huo katika sauti safi. Wengi wetu tuliokuwa tukiusikia siku zote kupitia mafaili yaliyobanwa na kubanuliwa tulikuwa tumezoea kivuli chake tu.

Kasoro ya pili ni ile iliyonipata mimi. Video ikitumwa WhatsApp kama video, jina lake la asili hufutwa na badala yake huwekwa tarehe na namba. Mwandishi wa wimbo, mwongozaji, mji walikotoka, vyote vinabaki nyuma. Alama pekee ya historia yake ni ile mishale miwili inayoonyesha kwamba ujumbe umesambazwa mara nyingi, nayo haisemi umesambazwa kutoka wapi. Mwaka 2019 WhatsApp iliweka kikomo cha kusambaza ujumbe kwa watu au makundi matano kwa mkupuo mmoja duniani kote, na mwaka 2020 ikashusha kikomo hicho hadi mmoja kwa ujumbe uliokwisha kusambazwa sana. Lengo lilikuwa kupunguza uvumi, lakini video isiyo na jina hupenya hata kwenye tundu hilo dogo, kwa kuwa watu huipakua na kuituma upya kama yao.

Linki, kwa upande wake, huja na mwenyewe. Ukiibandika kwenye mazungumzo, picha ndogo na jina la video hujitokeza hapohapo, na anayeigusa anapelekwa nyumbani kwa msanii, ambako kazi zake nyingine zipo. Kila anayetazama huko anahesabiwa. Hesabu hiyo si ya kujivunia tu: ili mwenye chaneli ya video za kawaida, siyo zile fupi za Shorts, apate mgawo wa mapato ya matangazo, YouTube humtaka awe na wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Ukizigeuza saa hizo kuwa dakika unapata 240,000, maana yake video ya dakika nne lazima itazamwe mwanzo mpaka mwisho mara 60,000. Kwa vijana wa kusukuma mkokoteni huo ni mlima mrefu kuliko Rungwe, na kila aliyeitazama kwenye faili, hata kama aliitazama mara mia na kuipenda kwa moyo wote, hakuwasogeza hata hatua moja.

Kuna kisa cha bendi ya Kimarekani ya OK Go ambacho huwa nakitoa kwa wanaodhani namna ya kusambaza haina uzito. Mwaka 2006 bendi hiyo ilitoa video ya wimbo wa Here It Goes Again, ambamo wanacheza juu ya mashine nane za kukimbilia mazoezini, kamera imesimama mahali pamoja, bila kukata picha hata mara moja. Ilisambaa duniani na kuwapatia tuzo ya Grammy mwaka uliofuata. Ilisambaa kwa sababu yeyote aliweza kuipachika kwenye ukurasa wake, na watazamaji wakaiona palepale walipo. Baadaye lebo yao, EMI, ilizuia upachikaji huo ili kila mtu alazimike kwenda YouTube kwenyewe, na mwimbaji wao Damian Kulash aliandika katika gazeti la New York Times mwaka 2010 kwamba watazamaji wa video hiyo walishuka kwa asilimia 90, kutoka wapatao 10,000 kwa siku hadi kuzidi 1,000 kidogo. Mwaka huohuo bendi iliachana na lebo na kuanzisha yake. Video ilikuwa ileile, wimbo uleule. Kilichobadilika ni hatua moja tu aliyoongezewa mtazamaji.

Nawakumbusha wapenzi wa linki kisa hicho kwa sababu linki nayo ni hatua ya ziada. Mtu amekaa kijiweni Mwanjelwa anasubiri mteja, umemtumia mstari wa herufi za bluu bila neno lolote, naye hajui kama ni wimbo, mahubiri au utapeli. Hataigusa. Linki isiyo na sentensi mbili za utangulizi ni mlango usio na kitasa.

Ipo njia ya katikati ambayo wengi hawaitumii. Faili likitumwa WhatsApp kama dokumenti badala ya kutumwa kama video, halibanwi, na jina lake halifutwi. Tangu mwaka 2022 dokumenti inaweza kufika hadi GB 2, kwa hiyo wimbo mmoja hauwezi kushindikana. Unaliandikia faili jina kamili, yaani msanii, wimbo na aliyeongoza video, unalituma kama dokumenti, na chini yake unaweka linki. Asiye na bando la kutazamia anapata kazi, na mwenye nalo anajua aende wapi. Sharti langu ni moja: ruhusa ya msanii. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haiondoi haki za mtu kwa sababu hana lebo. Na kwa kuwa hana lebo, kumwomba ni jambo la ujumbe mmoja. Wale vijana wa mkokoteni, wa huku Mufindi, nilipowaandikia walinijibu kabla chai haijapoa.

Status na TikTok

Hapa ndipo watu huchanganya mambo, kwa kuwa wanazipima njia hizi mbili kwa mizani ya video ya muziki, wakati zilitengenezwa kwa ajili ya kitu kingine. Status ilikuja WhatsApp mwaka 2017 na hudumu saa 24. Kwa miaka mingi kipande kimoja hakikuzidi sekunde 30, na hata baada ya kuongezwa mwaka 2024 bado hakitoshi wimbo mzima. Ukiweka video ya muziki huko unaikata vipande kama muwa, na mtazamaji anayegusagusa skrini kwa kidole gumba atatafuna pingili moja na kuendelea na harusi ya jirani. Faida yake ni adabu: Status haimsumbui mtu. Haimlii bando asiyetaka, haijazi kundi la ukoo, na asubuhi unaweza kuona ni nani waliitazama, ukajua kwamba binamu yako wa Kyela, ambaye hukuwahi kudhani anapenda muziki wa gitaa, ameitazama.

Kwa vituko, Status na TikTok hazina mpinzani. Mtu aliyemvalisha mbuzi miwani ya jua stendi ya Nane Nane, fundi cherehani anayepiga mdundo kwa kanyagio la mashine yake, mtoto anayeiga sauti ya mtangazaji wa mpira: vitu hivyo vina sekunde 20 za uhai, havina kiitikio cha kusubiri, na utamu wake ni kuchezewa na kugeuzwa na kila anayekutana navyo. Mfano bora wa Afrika Mashariki ni wa Kenya. Mwaka 2010 kundi la Just a Band la Nairobi lilitoa video ya wimbo wa Ha-He, na ndani yake mlikuwa na jamaa mmoja wa kupiga watu mangumi aitwaye Makmende, jina ambalo watoto wa mitaani Nairobi walikuwa wamelifinyanga zamani kutokana na maneno ya Clint Eastwood kwenye sinema. Wakenya walimchukua Makmende wakamtoa nje ya wimbo. Walimbandika kwenye majalada ya magazeti ya kubuni, wakamtungia sifa zisizowezekana, na mpaka leo hutajwa kuwa kituko cha kwanza cha intaneti ya Kenya. Mtu hakuhitaji kujua jina la bendi ili acheke. Lakini aliyetaka kujua alijua, kwa sababu video yenyewe ilikuwa mahali pamoja YouTube, na mizaha yote ilikuwa ikirejea kwake kama mito ya Kitulo inavyojulikana chanzo chake.

TikTok ina nguvu moja ambayo Status haina: humfikia mtu usiyemjua. Status hutazamwa na wenye namba yako, nao ni walewale. Hata hivyo nina malalamiko mawili. Video inayopakuliwa kutoka TikTok hubeba alama ya akaunti iliyoiweka, na mara nyingi aliyeiweka siye aliyeitengeneza, kwa hiyo kazi inafika na jina, ila ni jina la mtu mwingine. Jambo hilo naliona baya kuliko kutokuwa na jina kabisa, kwani faili lisilo na jina humfanya mtu aulize, wakati jina la uongo humridhisha. La pili, mtu akirekodi wimbo wa mwenzake kutoka kwenye spika na kuupandisha, programu huuandika kama sauti asilia ya huyo aliyeupandisha, na wote watakaoutumia baadaye wanahesabiwa chini yake. Ukiwa unataka kumsaidia msanii, tafuta kwanza kama yeye mwenyewe ana akaunti na ameweka wimbo wake rasmi, kisha usambaze hiyo ya kwake.

Telegram

Sina mengi. Telegram hupokea faili hadi GB 2 tangu mwaka 2020, hailazimishi kubana, na chaneli yake ina jambo moja zuri sana: anayejiunga leo anaweza kupanda juu na kutafuta ulichoweka mwaka jana, wakati anayeingizwa kwenye kundi la WhatsApp kwa kawaida hukuta ubao umefutwa. Kama unakusudia kutunza hazina ya mambo uliyoyagundua, Telegram inafaa kuliko WhatsApp. Tatizo ni kwamba kati ya watu 14 ninaobadilishana nao video, wanaoifungua kila siku ni watatu. Pia chaneli nyingi za huko zimegeuka magulio ya filamu za wizi, na msanii mdogo akiona kazi yake imepangwa katikati ya bidhaa hizo hafurahi.

Flashi, Bluetooth na basi la Dar

Vijana wa mjini hucheka nikitaja flashi. Wacheke. Bluetooth hufika kama mita 10 tu na inatambaa kama kinyonga, lakini faili linalopita humo halibanwi, na linafika na jina lililoandikwa na mtumaji. Flashi na memori kadi ni vivyo hivyo. Yaani njia kongwe, zile tulizokuwa tukizitumia enzi za simu za batani, zinalinda jina kuliko njia ambayo sasa iko kwenye kila mfuko. Sikulitambua jambo hili mpaka nilipoanza kulinganisha kwa makini, na lilinishangaza. Linki peke yake ndiyo inayozishinda kwa hilo.

Vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu bado vipo kuanzia Tunduma hadi Songea, na mwenye kibanda ndiye anayeamua wakulima wa kijiji kizima watasikiliza nini msimu huu. Ukimpa faili lenye jina lililoandikwa vizuri, litabaki na jina hilo kwenye simu za watu usiowahi kukutana nao. Ukimpa VID na tarehe, umemzika msanii kwa mikono yako.

Kisha kuna basi. Sijui njia nyingine inayokusanya watu zaidi ya hamsini mbele ya skrini moja, wasio na pa kwenda, kwa saa kumi na kitu. Mwaka jana nilipanda Mafinga kwenda Dar es Salaam nikiwa na video ya wale vijana kwenye flashi, faili safi walilonitumia wenyewe. Tulipoondoka Ipogolo nilimsogelea konda.

“Samahani kaka, kuna wimbo wa vijana wa kwetu hapa, dakika nne hazifiki. Unaweza kutuwekea?”

“Hauna matusi, mzee?”

“Una bibi anasuka kikapu.”

Alinitazama kidogo, akaichukua. Video ilianza tukiwa tunaikaribia Ilula, na kwa mara ya kwanza niliiona kwenye skrini kubwa kuliko kiganja changu. Niligundua kwamba kikapu cha bibi kinakua: mwanzo wa wimbo ni kitako tu, mwisho wake kina mpini. Nilikuwa nimeitazama labda mara 30 kwenye simu bila kuliona hilo. Mama mmoja wa kiti cha nyuma yangu aliuliza, “Mwanangu, yule bibi ni wa wapi?” na abiria wawili wakataka jina la kikundi. Niliwaandikia kwenye kipande cha risiti. Konda aliirudia mara moja zaidi, kisha akaweka ngumi za Wachina mpaka Kitonga.

Njia hii haipimiki. Hakuna namba itakayopanda popote, na msanii hatajua kamwe kwamba alitazamwa na watu hamsini waliokuwa wakila mahindi ya kuchemsha. Ukiwa unapima kwa faida ya msanii peke yake, basi hilo la Dar ni la mwisho katika orodha. Ukiwa unapima kwa namna kazi ilivyoonekana, liko juu kabisa.

Sebuleni

Kutazama pamoja ndiyo njia yenye gharama ndogo kuliko zote kwa kichwa kimoja: simu moja, bando moja, waya mmoja wa kuunganisha na televisheni, watu wanane. Inafaa hasa kwa kazi ndefu. Yule mtengeneza filamu wa Wakaliga, Kampala, Nabwana, alianza kujulikana duniani mwaka 2010 kwa tangazo fupi la filamu yake ya mapigano iliyotengenezwa kwa pesa kidogo mno, na baadaye filamu nzima ikawekwa YouTube. Nimewahi kuwatumia watu linki yake, wakaifungua dakika mbili wakaiacha. Nilipoiweka sebuleni, na sauti ya msimulizi wake, VJ Emmie, ikaanza kushangilia, kutania na kubashiri juu ya picha, hakuna aliyeondoka. Watu wa rika langu waliokua wakimsikiliza Lufufu akisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili waliielewa papo hapo. Wadogo walihitaji kuona sisi tunavyocheka ndipo nao wakacheka.

Udhaifu wake ni kwamba haivuki mlima. Rafiki wa Makambako hawezi kuja kila Jumamosi, na nauli ya kwenda na kurudi inanunua bando la wiki nzima.

Ninavyochagua sasa

Kituko cha sekunde chache nakiweka Status, na sijisumbui zaidi. Filamu au tamasha refu linasubiri wageni. Mtu wa kijijini au mwenye safari namwekea faili kwenye flashi, jina likiwa limeandikwa, ruhusa ikiwa imeombwa. Video mpya ya muziki ya msanii anayejitegemea naituma kama linki kwa mtu mmoja mmoja, siyo kwenye kundi, kwa sababu kwenye kundi la watu 200 kila mmoja hudhani mwenzake ataitazama. Pamoja na linki naandika uzito wake kwa MB ili mtu aamue mwenyewe, namwambia atazame sehemu gani kwa makini, na nikijua hana bando namwongezea dokumenti.

Wiki iliyopita nilimwandikia yule rafiki wa Makambako hivi: “Wale wa kochi wametoa nyingine. Dakika 4, kama MB 20 ukiweka 360. Majina yao yote yako chini ya video. Fika mpaka dakika ya tatu, safari hii bibi anainua macho.”

Alinijibu usiku. “Bando limekata, kaka. Usinisimulie. Jumamosi nakuja.”